Ungamo la Spika Nne

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Hakuniambia siku ngapi. Alimwambia binti yangu Harriet pembeni, na Harriet akarudi akanirekebishia mto ambao haukuwa na tatizo lolote.

Si kitu. Nina miaka themanini na mmoja. Nilifundisha Kiswahili miaka tisa, nikaacha chaki, nikawa meneja wa wanamuziki na mwandaaji wa matamasha miaka thelathini na minne. Nimeshiba. Nimesamehe watu wote. Nilikuwa na amani kabisa mpaka saa nne asubuhi, Harriet aliporudi kutoka sokoni.

Rasto ametubu!

Jana, ng'ambo ya mpaka, Busia ya Kenya, uwanja wa nyuma ya soko. Mkutano wa injili. Rasto akasimama na fimbo yake akatoa ushuhuda. Watu mia tano. Nikamuuliza Harriet alizihesabu vipi hizo mia tano ikiwa yeye alikuwa huku. Akasema, kunywa uji, Baba.

Kwa atakayesoma daftari hili nikishaondoka: Rasto naye aliandaa matamasha, upande wake. Nilipoleta bendi ya watu wanane, alileta ya kumi na wawili. Nilipojenga jukwaa la mbao, akajenga la chuma. Niliugua kisukari, akaugua na yeye, tena cha kwake kikatibiwa Nairobi. Sasa ametubu kabla yangu.

Nikauliza ametubu nini. Pombe. Mwanamke wa pili. Kuzika hirizi chini ya jukwaa. Dhambi za rejareja! Na watu walilia! Mimi nina dhambi ya jumla, gunia zima, imelala stoo miaka ishirini na saba, hakuna aliyewahi kuiona.

Uji umenishinda.

Jumanne, 5 Agosti

Padri John Paul amekuja kunisikiliza. Harriet akatoka nje. Kiti kimoja, masikio mawili. Sijawahi kutumbuiza watu wachache hivyo. Lakini nilisema.

Mwaka 1998 Athieno wa Mulanda alikuwa mwimbaji wa Rasto. Akianza kuimba, wauza samaki waliacha kutaja bei. Sikuvumilia. Siku ya tamasha lao kubwa nilikwenda redioni asubuhi nikapeleka tangazo la kifo. Zama zile hakuna aliyekuwa na simu. Redio ndiyo iliyokuwa ikikusanya watu msibani. "Habari zimfikie Athieno popote alipo, kwamba bibi yake mpenzi, Bibi Loy wa Mulanda, ametutoka." Nililiandika mwenyewe. Sentensi nne, hakuna neno la ziada. Mpaka leo sijaona tangazo lililoandikwa vizuri kama lile.

Likasomwa saa saba mchana. Athieno alikuwa nyuma ya jukwaa anasukwa nywele. Aliondoka nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Alipofika Mulanda akilia, alimkuta Bibi Loy anamenya karanga. Bibi akamuuliza nani kafa.

Padri hakucheka. Mahali hapo huchekesha.

Tamasha likavunjika. Watu wakasema Rasto mwenyewe ndiye aliyepeleka tangazo, kwa kuwa tiketi hazikununuliwa na alitaka kisingizio. Athieno akaamini. Akamwacha, akaja kwangu, akaniimbia miaka kumi na mmoja.

Padri alisema Mungu ni mwenye huruma, lakini wako watu wawili wa kuambiwa: Athieno na Rasto. Mmoja mmoja, nyumbani kwao, kwa sauti ya chini. Kisha akauliza kama kuna lingine. Nikasema hapana.

Lipo. Nakuambia wewe, daftari.

Miezi mitatu baada ya tangazo langu, Bibi Loy alikufa kweli. Redio ikatangaza. Athieno alikuwa Tororo nami, ukumbi umejaa hadi madirishani. Akaniuliza, Mzee, ni wale wale wa tangazo la uongo tena? Nikamwambia ni wale wale, kaimbe. Baada ya nusu saa kaka yake Edwin akafika mlangoni kwa baiskeli kutoka Mulanda, vumbi mpaka kwenye kope. Amekuja kumchukua dada yake. Basi hapo nilijua. Nikamwambia dada yako ameshatangulia. Akageuza baiskeli. Ndani Athieno akaimba nyimbo kumi na nne. Kesho yake bibi akazikwa bila yeye.

Edwin alimwambia kwamba alifika mpaka mlangoni. Mimi nikasema sikumwona. Athieno aliniamini mimi. Tangu siku hiyo yeye na kaka yake hawajasemezana. Wanaishi Mulanda hapo hapo, ua mmoja unawatenganisha, kisima ni kimoja, na kila mtu ana saa yake ya kuteka maji.

Hilo lilinikwama kooni kama mwiba wa sangara. Nitalitoa baadaye.

Jumatano, 6 Agosti

Nimelala nalo agizo la Padri. Mmoja mmoja, nyumbani kwao, kwa sauti ya chini. Sikubaliani na mpangilio huo. Tamasha lilivunjikia watu wengi. Watu wengi wana haki ya kusikia. Hii ni haki tupu, haina uhusiano wowote na Rasto na mia tano zake.

Nimemwita Paddy, mwenye pikapu ya matangazo. Ana spika nne juu ya paa. Nikamweleza: Jumamosi saa nane mchana, uwanja wa shule ya msingi, Mzee Oguttu anaungama hadharani. Tutatanguliza burudani: Ikwap wa Tororo na akogo yake, kile kinanda cha vidole. Paddy akafurahi mno. Akasema, "Mzee, hii kitu itajaa mpaka boda zikose pa kusimama."

Harriet akauliza nakwenda kumwambia mtu mmoja au wilaya nzima. Nikamjibu kwamba katika wilaya nzima huyo mtu mmoja yumo.

Kisha nikampigia Athieno. Akapiga kelele ya furaha. "Mzee wangu! Bado tuko na wewe?" Akasema ananiombea kila Jumapili. Akasema angeweza kuja leo hii, aje na jogoo na unga wa ulezi, nikae tu nisubiri. Halafu akawa ananisikiliza tu ninavyopumua. Nikasikia kuku wake. Ningeweza kusema pale pale. Niliona kabisa jinsi ungamo langu lote lingekwisha kwa dakika moja, kwa mtu mmoja, kwenye simu iliyobaki chaji kidogo.

Nikamwambia aje Jumamosi. Kiti chake kiko mbele. Akauliza kama ni kuagana. Nikasema kuna jambo litamshangaza.

Ile ya Edwin sitaiingiza. Ni ndefu, na haina mahali pa kuchekesha.

Alhamisi, 7 Agosti

Mazoezi. Nimejaribu kulia mbele ya kioo. Mara ya tatu jicho la kushoto lilitoa kitu. Harriet akapita na beseni akasema vitunguu vipo jikoni.

Jioni simu ya Rasto! Miaka mingi hajanipigia. "Wee Oguttu, ndugu yangu, naambiwa unatubu kwa spika nne. Mimi nilitumia mbili tu, bado nikasikika." Akacheka lile cheko lake la mtu mwenye meno yote. Akasema atakuja, na ataleta waumini wenzake, basi zima.

Nimefurahi: basi zima! Kisha nikafikiri. Ni waumini wake. Wakimshangilia yeye je? Nimemwomba Mungu Rasto asivae ile suti nyeupe.

Ijumaa, 8 Agosti

Balaa!

Nilimwandikia Paddy ukurasa mzima wa kusoma. Yeye akaona ni mrefu, akaukata. Kuanzia asubuhi amezunguka mji mpaka Buhehe akipaza, kwa sauti ya huzuni aliyoibuni mwenyewe: "Mzee Oguttu wa muziki! Kesho Jumamosi! Saa nane! Wote mnakaribishwa!"

Hapa kwetu, spika zikitaja jina la mzee aliyekuwa mgonjwa, na Jumamosi, na saa nane, hakuna anayengoja sentensi inayofuata. Hiyo ndiyo saa ya kuzika. Saa sita mchana wanawake watatu wakaingia na mizigo ya kuni kichwani, wanaomboleza. Nyuma yao unga, sufuria, turubai la kukodi. Wanaume wawili wakamuuliza Harriet kaburi linachimbwa upande gani.

Mimi nilikuwa kibarazani, nimejifunika blanketi. Mwanamume mmoja nisiyemjua akaketi kando yangu, akanipa pole, akaniuliza kama nilimjua marehemu. Nikasema sana. Akatikisa kichwa. "Alikuwa mtu wa watu," akasema, "ila wivu, baba! Wivu ule ungeweza kuwasha jiko." Nikamwambia maneno hayo yalienezwa na upande wa Kenya.

Harriet aliwaeleza wote, mmoja baada ya mwingine, hadi sauti ikamkauka. Wengi walifurahi. Wengine walionekana kama watu waliofunga safari bure.

Athieno hakuja akilia. Alipiga simu kwanza. Alimwambia Harriet kwamba tangazo la kifo haliamini tena, kuna siku lilimdanganya na kuna siku halikumdanganya, na zote mbili zilimvunja; anataka kusikia sauti. Harriet akanipa simu. Nikakohoa. Athieno akacheka, akacheka, kisha nikasikia kwamba si kucheka tena.

Harriet alinitazama. Nilijisikia vibaya dakika nzima, labda na nusu.

Kisha nikahesabu kuni. Mizigo kumi na tisa. Kila mzigo ni nyumba moja, kila nyumba watu sita au saba. Katika miaka thelathini na minne sijawahi kupata dalili nzuri kama hii siku moja kabla ya onyesho.

Jumamosi, 9 Agosti

Mia sita na kumi na mbili! Nilihesabu mwenyewe nikiwa kitini, Ikwap akipiga akogo. Sikuingiza waliopanda ukutani.

Baadhi walikuja na nguo za msiba, maana Buhehe habari ya kufa ilifika na ya kutokufa haikufika. Bibi mmoja alinishika shavu, akaona lina joto, akadai kuni zake.

Rasto alikuja na suti nyeupe. Alishangiliwa kwa sababu ya kuketi. Kuketi tu!

Nikapewa kipaza sauti. Nilianza taratibu. Redio, tangazo, nywele nusu. Nilipofika kwa Bibi Loy na karanga, uwanja mzima ukaangua kicheko. Nilijua! Nikairudia. Kisha nikashusha sauti, nikasema aliyepeleka tangazo si Rasto, ni mimi, na nikaomba msamaha. Jicho la kushoto likafanya kazi yake bila vitunguu. Kimya. Kimya kizuri, kile ambacho mwandaaji hukipata mara mbili maishani.

Athieno akainuka kiti cha mbele. Nikanyoosha mikono.

Akanipita. Akaenda kwa Rasto akapiga magoti. Alisema miaka ishirini na saba hakuitikia salamu yake, hata siku Rasto alipomzika mkewe alipita njia nyingine. Akaomba radhi. Rasto akaweka fimbo chini, akamshika mikono, akamwinua, na machozi yakamwagika kwenye suti ile nyeupe. Vigelegele! Akina mama wakacheza na kuni zao! Kwenye tamasha langu! Kwenye spika zangu!

Wakamwomba Rasto aseme neno. Akakataa. Akatikisa kichwa tu, mkono kifuani. Wakashangilia zaidi. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kushangiliwa kwa kukataa.

Ndipo Athieno akanijia. Akafunika kipaza sauti kwa kiganja. Mia sita wanatutazama, hakuna anayesikia. Akasema polepole, "Mzee, hiyo ni ya kwanza. Na ya pili? Kaka yangu alifika mlangoni siku ile, au hakufika?"

Lilikuwa neno moja tu la kujibu. Alifika. Nilimwangalia Athieno, nikawaangalia watu, nikamwona Rasto anafutiwa machozi na wanawake wanne. Nikasema sikumbuki, mwanangu, ni uzee.

Akaondoa kiganja chake. Akaondoka bila kunywa soda.

Jumapili, 10 Agosti

Kifua kimebana tangu alfajiri. Harriet ameniwekea mito mitatu.

Leo ng'ambo Rasto ametoa ushuhuda mara ya pili. Watu elfu moja! Wanakwenda kumwona mtu aliyesingiziwa. Nani aliyemfanya msingiziwa? Mimi! Kwa dhambi yangu mwenyewe! Nimemjengea jukwaa la tatu, la dhahabu.

Padri John Paul alikuja baada ya misa. Nilidhani atanigombeza kwa ajili ya spika. Hakugusa habari hiyo. Aliuliza tena kama kuna lingine. Labda ni kifua, labda ni ule mkono wa Athieno juu ya kipaza sauti. Nikamwambia kuhusu mlango, baiskeli, vumbi.

Nikamuuliza kama ninaweza kupakwa mafuta ya wagonjwa sasa hivi. "Mafuta ninayo hapa mfukoni, Mzee," akasema. "Gari pia ninalo hapo nje, twende Mulanda kesho asubuhi. Wao wamebaki wawili tu wa ukoo ule. Ukiondoka na hilo neno, nani atawapa?"

Nikauliza kama Paddy atatufuata na pikapu. Akasema hapana.

Jumatatu, 11 Agosti

Mulanda. Njia mbaya, Harriet amenishika begani muda wote.

Athieno alikuwa anaanika mtama. Hakuja kwenye gari. Padri akaenda uani akamwita Edwin, naye akasimama upande wake wa ua wa minyaa, mzee mwenye mvi, mikono mgongoni. Miaka yote namkumbuka kijana wa baiskeli.

Wakanishusha, wakanikalisha kwenye kigoda. Nikasema. Edwin alifika. Nilimwona. Nilimwambia umetangulia, na wewe ulikuwa ndani unaimba. Nilijua bibi amekufa.

Sauti yangu ni ndogo sana bila mashine. Edwin hakusikia kule uani, ikabidi nirudie yote. Mara ya pili iliuma kuliko ya kwanza. Sikulia. Sikukumbuka kulia.

Edwin akasema, "Nilikuambia."

Athieno akasema, "Uliniambia."

Basi. Wakasimama. Kuku wakala mtama, hakuna aliyewafukuza. Kisha Athieno akamwambia kaka yake aingie, uji upo motoni. Lango liko hatua ishirini tu, lakini Edwin hakuzunguka. Alipenya katikati ya minyaa, ikampasua shati, akatokea upande wa pili na vijiti kichwani. Wakaingia jikoni.

Tulisikia wanazungumza wote wawili kwa pamoja, Kidhopadhola cha haraka ambacho mimi naokota nusu. Kisha kilio. Kisha kicheko. Kisha vyote viwili. Saa nzima! Hakuna aliyetoka kunitazama. Padri alisema hili ni jambo kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya. Nikamuuliza wanasema nini juu yangu. "Hawakusemi wewe, Mzee," akanijibu. "Wanasimuliana bibi yao alivyozikwa."

Mwishoni Athieno akaniletea maji. Akanishikia kikombe nikanywa. Alisema hajanisamehe. "Hasira yangu ni ndefu, Mzee. Siwezi kuimaliza leo. Nitakuwa nakuletea kidogo kidogo, kila Alhamisi. Kwa hiyo usife haraka."

Nilibusu mkono wake. Sikupanga.

Jumatano, 13 Agosti

Nimepakwa mafuta. Nimelala usiku mzima bila vidonge. Harriet anasema rangi imenirudia. Kutoka Mulanda habari ni kwamba Edwin ameukata ua wa minyaa, upana wa watu wawili. Nimelia kidogo, macho yote mawili. Ninaweza kwenda sasa. Kweli ninaweza.

Lakini nimepiga hesabu. Jumatatu ile nilisema vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Walionisikia: Athieno, Edwin, Harriet, Padri. Wanne! Na mmoja wao nyuma ya minyaa.

Na leo nasikia Rasto ameitwa Tororo Jumapili ijayo. Ameitwa! Hakuomba! Wanamtumia gari. Ataeleza jinsi mtu aliyesingiziwa anavyosamehe, yaani atasimama juu ya dhambi yangu, avae suti, akatae kusema, washangilie.

Nimemwomba Harriet karatasi na kalamu mpya. Akauliza za nini. Nikasema ni wosia.

Nimekumbuka dhambi nyingine. Ya mwaka 2003, Malaba. Ni kubwa, ni safi, na Rasto hayumo ndani yake hata kidogo. Harriet amepewa maagizo Padri asiruhusiwe kuingia hapa mpaka wiki ijayo. Akinifikia mapema atanisamehe kabla watu hawajafika.